NISOME KWANZA

Msomaji mpenzi, najua ukurasa unaoutafuta ni ule wa vitendawili na mashairi, lakini tulia kidogo nikukirie jambo. Mwaka jana niliandika maneno 25, na kwa ajili ya maneno hayo msichana mmoja wa shule ya jirani akavuliwa beji ya ukiranja wa maktaba. Sikumtukana wala kumsingizia. Hata jina lake sikulitaja. Niliandika tu maelezo mabaya.

Nianze mwanzo. Maabara yetu ya kompyuta (mwalimu wa Kiswahili anataka niseme tarakilishi, nami humjibu "ndiyo mwalimu", kisha nikifika maabarani nasema kompyuta) ina mashine kuukuu ambazo Windows ilikuwa imezilemea kama gunia la mahindi juu ya punda mgonjwa. Mwalimu wa kompyuta akaziwekea Linux, zikafufuka. Hapo ndipo mimi, nikiwa Kidato cha Pili, nilipoandika programu ya kuazimia vitabu vya maktaba. Niliipa jina Azima. Unaingiza namba ya kitabu na jina la mwanafunzi, nayo inakumbuka siku ya kuchukua na kukuonyesha wadaiwa wote. Wale mliodaiwa mbele ya paredi muhula uliopita, ndiyo hiyo iliyowasema. Mnisamehe.

Mwalimu alipoiona inafanya kazi alinishauri niifanye programu huria. Yaani msimbo wake uwekwe wazi mtandaoni, kila apendaye auchukue, autumie na kuurekebisha bila kulipa hata senti. Nikauweka GitHub, ambako watu wa dunia nzima huweka kazi za namna hiyo. Sasa, programu ikiwekwa pale hufuatana na faili moja liitwalo README, maana yake "nisome". Desturi hiyo ina umri wa kuwazidi baba zetu wengine. Ilianza katikati ya miaka ya 1970. Jina huandikwa kwa herufi kubwa tupu, kwa sababu mashine za zamani zilipopanga majina ya mafaili zilitanguliza herufi kubwa, na faili hilo likawa juu ya mengine. Ndilo mlango wa nyumba. Mgeni akibisha, hapo ndipo anapopokewa.

Mlango wangu mimi ulikuwa huu: "Azima ni programu kali ya maktaba, ya kisasa kuliko zote. Imeandikwa kwa Python na SQLite na mwanafunzi wa Kidato cha Pili. Kutumia: endesha anza.py. Asanteni."

Hesabu mwenyewe. Maneno 25, na yanayomsaidia mtu ni matatu. Mengine yote nilikuwa nikijipigia makofi.

Tulikutana na huyo msichana kwenye maonyesho ya sayansi. Alisimama mbele ya meza yetu muda mrefu kuliko waamuzi wenyewe. Akaniambia kwamba maktaba yao huandikwa kwenye daftari kubwa ambalo kurasa zake zimekwisha kung'oka, na mwanafunzi mjanja huchana ukurasa wenye deni lake akalala usingizi mnono. Nikamwandikia anwani ya Azima nyuma ya tiketi yake ya matatu. "Ni rahisi tu," nikamwambia. "Soma pale, utaelewa."

Laiti ningalijua!

Kwanza alienda saiba siku ya Jumamosi kupakua. Faili lilikuja limefungwa, na mimi sikuwa nimesema kwamba lazima lifunguliwe kwanza katika folda yake. Alipolibonyeza likaonekana kama limefunguka, akajaribu, likakataa. Alipofika shuleni kwao akaandika neno python katika kile kidirisha cheusi cha amri, na badala ya programu likamfungukia duka la Microsoft. Akaogopa kwamba shule itadaiwa pesa, akazima mashine. Kwetu sisi Python ilikuwamo tayari ndani ya Linux. Kwao ilikuwa Windows, na Windows haiji nayo. Alipofanikiwa kuipakua, hakukitia alama kile kijisanduku kidogo kilicho chini ya dirisha la kwanza, kinachoiambia mashine mahali pa kuitafuta Python. Akarudia tena. Siku tatu zikaisha hivyo. Hakuniuliza. Baadaye nilipomwuliza ni kwa nini hakuuliza, alinijibu: "Kaka, uliandika ni programu ya kisasa kuliko zote. Nilidhani mimi ndiye mshamba."

Neno hilo lilinichoma hadi leo. Mtu akishindwa kufuata maelezo hujilaumu yeye. Mwandishi halaumiwi, amelala kwake akiota sifa.

Siku ya nne ikakubali. Alifurahi, akaanza kuingiza vitabu, jioni baada ya jioni, Jumatatu hadi Alhamisi. Mashine haikuzimwa, maana alimwomba mwalimu wa maktaba asiiguse. Akafikisha vitabu 387. Katika siku hizo hizo watahiniwa wa Kidato cha Nne waliazima nakala 23 za Bembea ya Maisha, na kwa kuwa sasa kulikuwa na kompyuta, nani angehangaika na daftari? Zikaandikwa ndani ya Azima peke yake.

Alhamisi usiku stima ikapotea.

Ijumaa asubuhi akawasha mashine, akasoma tena maelezo yangu: endesha anza.py. Basi akaendesha. Dirisha likafunguka safi kama sahani iliyooshwa. Hakuna kitabu hata kimoja, hakuna mdaiwa hata mmoja.

Sasa nieleze dhambi yangu kamili. Faili la anza.py kazi yake ilikuwa kuandaa sajili mpya siku ya kwanza kabisa, kisha kufungua programu. Na kwa sababu nilipokuwa nikiijaribu nilitaka kuanza upya kila mara, niliiamuru ifute sajili ya zamani ikiipata. Kazi za kila siku zilikuwa za faili jingine, azima.py. Mimi nilijua. Nilijua vizuri sana hata sikufikiri kwamba ni jambo la kuandikwa. Lakini mtu yeyote anayejua Kiswahili akiona neno "anza" ataelewa nini? Ataelewa kwamba ukitaka kuanza, ni hapo! Lugha yenyewe ilimpa haki.

Mwalimu wake hakutaka kusikia habari ya mafaili. Nakala 23 hazijulikani ziko kwa nani, mtihani uko mlangoni, na kiranja alikuwa "akicheza na mashine". Beji ikachukuliwa, daftari la kung'oka kurasa likarudishwa mezani.

Nilizipata habari hizi wiki mbili baadaye, kutoka kwa binamu yangu anayesoma kule. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, na chai hiyo nakumbuka ilipoa yote. Jumamosi iliyofuata nilimfungia safari msichana yule nikamkuta nje ya maktaba yao, hana beji, anapanga vitabu vilevile bila cheo. Nilitarajia matusi. Alinipa kiti. Kisha akatoa daftari la hesabu ambamo alikuwa ameandika kila mahali alipokwama, tangu ile siku ya saiba, kwa tarehe na saa. Kurasa sita!

"Nilitaka nikuletee siku moja," akasema, "ili mwingine asiumie."

Nilimpelekea mwalimu wetu wa kompyuta zile kurasa. Alizisoma polepole, akavua miwani. Nilidhani ataniambia nianze kuandika README mpya saa hiyo hiyo. Wapi! Alisema tuanze na programu yenyewe. Kama kuna shimo njiani, alisema, usikimbilie kuandika kibao cha "tahadhari, shimo". Chukua jembe ulifukie. Basi tukabadilisha msimbo: sajili ikiwapo, programu hukataa kabisa kuifuta, na kila ikifungwa hujiwekea nakala ya akiba yenye tarehe. Jina anza.py tukalitupa. Kazi hiyo ilituchukua alasiri moja. Alasiri moja, jamani, nami nilikuwa nimekaa nayo miezi mitano.

Ndipo tukaja kwenye maandishi, na hapo nikapata aibu ya pili. Nilikaa jioni tatu nikaandika kurasa nne. Niliweka historia ya Azima, nikaeleza jinsi nilivyobuni majedwali, nikawashukuru wazazi wangu. Yule msichana alizisoma akauliza swali moja tu: "Lakini inafanya nini?" Nikatazama. Kweli, hadi katikati ya ukurasa wa pili sikuwa nimesema kwamba programu hii ni ya kuandika nani ameazima kitabu gani.

Nikampa kalamu. Ndiyo, aliyeandika README ya Azima mnayoiona leo ni yeye, mimi nilikuwa karani wake. Huwezi kuamini tofauti. Sentensi yake ya kwanza yasema Azima huandika nani amechukua kitabu gani cha maktaba na lini anapaswa kukirudisha. Ya pili yasema inamfaa nani: maktaba ndogo yenye kompyuta moja, isiyo na intaneti. Ya tatu, hii nilipinga kwa nguvu zangu zote, yasema haimfai nani! Kwamba kama maktaba yako ina maelfu ya vitabu na kompyuta nyingi zilizounganishwa, tafuta Koha. Nilimwambia, dada, huwezi kumfukuza mnunuzi dukani kwako mwenyewe. Akanijibu kwamba yeye angeambiwa mapema ni kitu gani anakitafuta na kitu gani hakipo, asingepoteza Jumamosi yake. Nikanywea. Na Koha si mchezo: ni programu huria ya maktaba iliyotoka New Zealand, ikaanza kazi Januari 2000, na jina lake katika lugha ya Wamaori ni "zawadi". Vyuo vikuu kadhaa vya hapa Kenya vinaitumia. Kuishindanisha na Azima yangu ni kumshindanisha sungura na ndovu kubeba magogo.

Kisha akaweka picha moja ya dirisha la programu, ili mtu ajue atakachokiona kabla hajajisumbua. Halafu hatua za kupachika, za Windows peke yake na za Linux peke yake, kila amri katika mstari wake ili mtu ainakili ilivyo, na chini ya kila amri akaeleza utaona nini ikikubali. Jambo hilo la mwisho sikuwahi kulifikiria maishani. Mtu akiandika amri na mashine ikanyamaza, atajuaje kama imekubali au imenuna? Kile kijisanduku cha Python alikichorea hadi mshale. Na duka la Microsoft alilitaja waziwazi: likikufungukia usiogope, hakuna pesa inayokatwa, maana yake Python haijaingia.

Tulibishana pia kuhusu lugha. Mimi nilitaka Kiingereza, nikidai programu huria ni mambo ya ulimwengu. Tukaanza kwa Kiswahili, Kiingereza kikafuata chini yake, na hapo Kiswahili kilinitoa jasho. Kwa Kiingereza ningeweza kuokota maneno makubwa nilivyoyasikia nikayapanga, yakaonekana ya kitaalamu bila mimi mwenyewe kuyaelewa. Kwa Kiswahili kila neno lilinilazimu nijiulize: kitu hiki hasa ni nini? Mara mbili nikagundua kwamba sikijui, nikaenda kuuliza. Wanachama wenzangu wa chama hiki, hiyo ni sifa ya lugha yetu ambayo sikuwahi kuisikia katika mdahalo.

Leseni nusura niisahau. Nilidhani kitu kikiwa wazi mtandaoni basi ni cha wote. Kumbe sivyo. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, programu ya kompyuta imo katika kundi moja na riwaya na tamthilia, kazi za fasihi kabisa (nilipomwambia mwalimu wa Kiswahili hivyo alitabasamu wiki nzima), na bila ruhusa ya mwenyewe mtu hana haki ya kuichukua. Ruhusa hiyo ndiyo leseni. Nilichagua ile iitwayo MIT, kwa kuwa ni fupi: tumia, badilisha, hata ukiuza ni sawa, ila usiondoe tangazo la hakimiliki lenye jina la mwenye kazi. Mstari mmoja katika README unatosha kuitaja, na maandishi yake kamili yakae katika faili lake.

Mwisho tukaja kwenye jaribio, nalo ndilo gumu kuliko yote. Tulimchukua mtoto wa Kidato cha Kwanza wa shule yao ambaye hakuwahi kuiona Azima, tukamweka mbele ya kompyuta na ile karatasi. Masharti yake msichana ni kwamba mimi nikae nyuma na nisitoe sauti. Nisikohoe hata! Mtoto alisoma, akageuka akauliza, "Python si ni yule chatu?" Nilitaka kuruka nikamweleza. Msichana akanikanyaga mguu, akaandika kitu daftarini. Mtoto akakwama tena kwenye kufungua folda, akakwama kwenye amri ya pili kwa sababu hakujua lazima abonyeze kitufe cha kuingiza. Dakika 40. Nilitokwa na jasho kama niliyepewa hesabu ubaoni. Kila alipokwama, kidole changu kilitaka kumnyooshea mtoto, lakini kosa lilikuwa limekaa kwenye karatasi.

Tukasahihisha. Juma lililofuata tukaleta mwingine. Dakika 12, na hakugeuka hata mara moja.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari hizi, kwa toba zaidi kuliko kwa udadisi. Mwaka 2017 GitHub walichapisha matokeo ya kuwauliza maelfu ya watu wanaoshughulika na programu huria, na 93 kwa mia wakasema maelezo pungufu au yaliyopitwa na wakati ni tatizo wanalokutana nalo. Na zaidi ya nusu ya wale wanaochangia kazi hizo wakakiri kwamba maelezo hawayagusi, au huyagusa kwa nadra. Kwa hiyo si mimi peke yangu, ingawa hilo halinipunguzii kitu. Nimesoma pia habari za Ushahidi, programu huria iliyozaliwa Januari 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ili watu watume habari za yanayotokea na zionekane kwenye ramani. Miaka miwili baadaye, tetemeko la Januari 2010 lilipoipiga Haiti, programu hiyo ya Kikenya yenye jina la Kiswahili ikatumika kule, huku wanafunzi wa chuo kikuu karibu na mji wa Boston wakikesha kuzipanga habari. Nilipoisoma niliwaza: programu inaweza kuvuka bahari, na aliyeiandika akabaki Nairobi amelala. Kinachosafiri nayo ni maelezo tu.

Mtauliza zile nakala 23. Tulitangaza paredini kwao, mwalimu wetu wa kompyuta akaenda mwenyewe kuwaeleza walimu wenzake kosa lilikuwa la nani. Zilirudi 19. Nne zikapotea. Mbili nilizilipa mimi, kwa kutembea kwa miguu muhula mzima na kuiweka nauli aliyokuwa akinipa Mama, ambaye hadi leo anadhani viatu vyangu viliisha kwa sababu ya mpira. Ya tatu ilipatikana chini ya meza ya maabara yao. Beji ilirudishwa pia, ila si mara moja; ilichukua hadi muhula mwingine, na yeye hakuiomba.

Mwezi jana mtu nisiyemjua, mwalimu wa shule ya msingi, alituma marekebisho kwenye README yetu. Kulikuwa na neno "kubonyeza" tuliloliandika "kubonyenza" mahali pawili. Alikuwa tayari ameipachika Azima na anaitumia. Hakuuliza swali hata moja. Nilimpigia simu yule msichana kwa simu ya Mama nikamsomea ujumbe wote mara mbili.

Ile nakala ya nne bado. Jarida hili hufika shule ile pia, kwa hiyo aliye nayo, kama unasoma, irudishe hata kama haina jalada. Jina lako halimo popote.